Pima mradi kwanza, njia baadaye: mwongozo wa kurekebisha taratibu za kuunda programu

Timu nyingi za Kampala huchagua njia ya kazi kabla ya kuujua mradi. Mmoja wao amesoma kozi ya Skramu, njia ya kugawa kazi katika mizunguko mifupi inayoishia kwa onyesho kwa mteja, basi kila mradi unaoingia unavalishwa Skramu: wa SACCO ya waendesha boda boda, wa wizara, wa kituo cha afya Moroto. Wengine wamezoea zabuni za serikali, nao huandika hati ya mahitaji ya kurasa 90 hata kwa programu ya duka moja la dawa. Njia zote mbili ni nzuri mahali pake. Tatizo ni kukata kitambaa kabla ya kuchukua vipimo vya mvaaji.

Kazi yenyewe ni hii: pima mambo sita, chagua uti wa mgongo, yaani njia kuu ya kazi, punguza na ongeza taratibu, andika mliyokubaliana kwenye ukurasa mmoja, kisha rekebisha kwa ushahidi. Timu ya watu wanne humaliza vipimo na ukurasa huo kwa siku mbili za kazi, mbali na wiki mbili za kusubiri kati ya vikao viwili vya mahitaji. Mteja akiharakisha kiasi gani, siku hizo mbili msizitoe.

Hatua ya 1: Vipimo sita

*Kosa likitokea, nani anaumia?* Alistair Cockburn, mtaalamu wa taratibu za kuunda programu, alipanga madhara katika ngazi nne: usumbufu, hasara ya fedha inayovumilika, hasara inayoweza kuliangusha shirika, na kupotea kwa uhai. Andika ngazi kwa kila sehemu ya mfumo, si kwa mfumo mzima. Katika mfumo wa SACCO, ukurasa wa matangazo uko ngazi ya kwanza, hesabu ya riba na upokeaji wa akiba viko ngazi ya tatu. Timu ikiupa mfumo wote ngazi moja, itachosha watu kwa kupima matangazo mara kumi, au itapitisha hesabu ya riba kwa haraka ileile ya matangazo.

*Mahitaji yanabadilika kwa kasi gani?* Usimuulize mteja, atakwambia hayabadiliki. Kaa naye, mwandike mahitaji 20 kwa sentensi fupi. Baada ya wiki mbili kaa naye tena na mwenzake mmoja wa ofisini, mwandike upya bila kuangalia orodha ya kwanza. Hesabu yaliyobadilika, yaliyotoweka na yaliyozuka. Yakiwa mawili au matatu, mradi umetulia. Yakiwa sita au zaidi, usisaini bei moja kwa orodha yote.

Kumbuka pia mabadiliko yasiyotoka kwa mteja. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza ushuru wa asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu. Kabla mwaka haujaisha, sheria ilirekebishwa: asilimia 0.5, tena kwenye kutoa pesa tu. Aliyekuwa ameiandika asilimia 1 ndani ya msimbo, sehemu nane tofauti, alilazimika kuifukua sehemu zote nane. Aliyeiweka kwenye jedwali la viwango, pamoja na aina ya muamala na tarehe ya kuanza, alibadilisha safu chache. Kwa hiyo kila mradi unaogusa kodi, riba au ada uhesabiwe kuwa na mabadiliko, hata mteja akiapa.

*Watu ni wangapi?* Njia za mawasiliano huongezeka haraka kuliko watu. Watu 4 wana jozi 6 za kuzungumza, watu 9 wana 36, watu 15 wana 105. Mpaka watu sita, mazungumzo ya mdomo na ubao mmoja vinatosha. Kuanzia tisa hivi, jambo lisiloandikwa huwa halijulikani kwa nusu ya timu.

*Uzoefu ukoje?* Hesabu wanaoweza kutatua peke yao tatizo ambalo hawajawahi kuliona. Usihesabu miaka ya kazi. Timu ya watu watano yenye mmoja tu wa aina hiyo isipewe uhuru mkubwa wa kujipangia. Inahitaji mifano ya msimbo, ukaguzi wa kila badiliko, na kazi zilizokatwa vipande vya siku moja au mbili.

*Mteja anapatikana saa ngapi kwa wiki?* Andika jina la mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho, na saa zake. Meneja wa SACCO aliyeko Mbale na anayepokea simu jioni tu ana labda saa mbili kwa wiki. Kamati ya watu saba inayokutana mwisho wa mwezi ni sifuri mpaka siku ya kikao.

*Toleo jipya linafikishwa kwa gharama gani?* Ukurasa wa wavuti au menyu ya USSD (ile ya kupiga namba zenye nyota na reli) unabadilishwa kwenye seva kwa dakika chache. Programu iliyo kwenye tableti 60 za wahudumu wa afya walio mbali na mtandao ni habari nyingine: kila toleo ni mafuta ya gari, posho na wiki mbili za kuzunguka. Kipimo hiki watu wengi hawakichukui, na ndicho kinachoamua ni mara ngapi unaweza kukosea.

Barry Boehm na Richard Turner, wataalamu wa uhandisi wa programu, walipendekeza vipimo vinavyokaribiana na vinne vya kwanza, wakaongeza utamaduni wa timu. Viwili vya mwisho tumevipa nafasi kamili kwa sababu hapa kwetu, mteja wa mbali na barabara ndefu vinaangusha miradi ambayo msimbo wake hauna kasoro.

Hatua ya 2: Uti wa mgongo

Chagua mmoja tu. Mengine yatakuja kama nyongeza.

Hatua kwa hatua, ile njia inayoitwa maporomoko ya maji, inafaa mahitaji yakiwa yametulia na gharama ya kufikisha toleo ikiwa kubwa. Winston Royce, anayetajwa sana kama mwanzilishi wake, alieleza mpangilio huo mwaka 1970 na papo hapo akaonya kwamba ukifuatwa bila kurudi nyuma ni wa hatari. Alishauri kazi mpya kabisa ifanywe mara mbili, ya kwanza kama jaribio. Ushauri huo ungali mzuri: ukitumia njia hii, weka jaribio dogo la wiki tatu mwanzoni.

Skramu inafaa mahitaji yakiyumba, mwenye kauli akipatikana angalau saa nne kwa wiki, na timu ikiwa watu kumi au pungufu.

Kanbani inafaa kazi isiyopangika, hasa mfumo ulio hewani tayari unaopokea maombi na hitilafu kila siku. Haina mizunguko, ina ubao, na ina kikomo cha kazi zinazoshikwa kwa pamoja.

Njia ya mzunguko wa hatari, aliyoieleza Boehm katika miaka ya 1980, inafaa pale ambapo hamjui kama jambo linawezekana kabisa. Unaanza na linalotisha zaidi, unalijaribu kwa bei ndogo, ndipo unaamua kuendelea.

Hatua ya 3: Kupunguza na kuongeza

Hapa ndipo timu nyingi hukosea. Kila utaratibu una kazi unayoifanya. Ukiuondoa, andika ni nani au ni nini kitaifanya kazi hiyo. Ukishindwa kuandika, usiuondoe.

Chukua kikao cha kila siku cha dakika 15. Kazi yake ni kugundua mapema aliyekwama. Watu watatu wanaokaa meza moja Ntinda wanagunduana bila kikao. Ubao ukitazamwa kila asubuhi unatosha. Lakini watu watano, wawili Kampala, wawili Gulu, mmoja Mbarara, hawaonani. Simu ya video ya kila asubuhi inakula bando na inasubiri aliyekatikiwa umeme. Badala yake kila mtu aandike mistari mitatu kwenye kundi kabla ya saa tatu na nusu asubuhi: nimemaliza nini, nafanya nini, nini kimenizuia. Mstari wa tatu usiachwe wazi. Kama hakuna kizuizi, andika "hakuna", maana ukimya hauna tofauti na kukwama.

Urefu wa mzunguko hauchaguliwi kwa mazoea. Skramu inaruhusu mpaka mwezi mmoja. Mwenye kauli akiweza kutazama kazi mara moja kwa mwezi, mizunguko ya wiki mbili itakupa maonyesho mawili, moja likiwa halina mtazamaji. Wiki hizo mbili mnajenga juu ya dhana ambayo hakuna aliyeithibitisha. Tumieni mzunguko wa wiki nne, au mtafuteni mwenye kauli mwingine. Kinyume chake, timu changa isipewe wiki nne. Wiki moja moja kwa miezi miwili ya kwanza inaonyesha makosa ya makadirio yakiwa bado madogo.

Makadirio kwa pointi, yaani kuipa kila kazi alama za ukubwa wake badala ya saa, yana maana timu ikiwa imekaa pamoja mizunguko mitatu au zaidi. Kabla ya hapo, hesabuni kadi (kila kipande cha kazi kwenye ubao) zilizokamilika kwa wiki, basi.

Nyaraka: andikeni kinachohitajika mtu akiondoka. Katika soko letu, fundi mzuri huchukuliwa na shirika kubwa katikati ya mradi, na hilo si jambo la kushangaza. Kurasa tano zinatosha: jinsi ya kuuwasha mfumo kwenye kompyuta mpya, mchoro wa hifadhidata, orodha ya mifumo ya nje unayozungumza nayo, jinsi ya kurudisha nakala ya akiba, na maamuzi makubwa na sababu zake.

Vitu vinne haviondolewi, mradi uwe mdogo kiasi gani: Git (chombo cha kutunza kila badiliko la msimbo), ukaguzi wa msimbo na jicho la pili, majaribio ya kiotomatiki kwa sehemu za ngazi ya tatu na ya nne, na kikao cha kujitathmini. Hiki cha mwisho ndicho kinachotolewa kwanza kazi zikibana. Kikitolewa, njia yenu haitarekebishwa tena; itabaki ilivyo huku mradi ukibadilika.

Mfano wa karibu: malipo ya SACCO

Tuchukue SACCO ya waendesha boda boda. Mwanachama anaweka akiba ya shilingi 20,000 kwa MTN MoMo, huduma ya pesa za simu. Timu ni ya watu wanne, miezi mitano. Sehemu hii iko ngazi ya tatu: hizi ni fedha za mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kutafuta abiria, na akizikosa kwenye daftari lake mara moja hatarudi.

Mfumo wenu unatuma ombi la malipo kwa MoMo ukiambatisha namba ya kumbukumbu isiyojirudia. Jibu la kwanza ni 202, maana yake ombi limepokelewa, si kwamba pesa imelipwa. Hali yake inabaki PENDING mpaka mwanachama aweke namba ya siri, ndipo inakuwa SUCCESSFUL au FAILED. Kosa la kawaida ni hili: mtandao unakatika, programu haipati jibu, inatengeneza namba mpya na kutuma tena. Mwanachama anaombwa kulipa mara mbili, naye kwa kuiamini simu yake anakubali mara mbili.

Dawa yake ni kutengeneza namba ya kumbukumbu mapema, kuihifadhi kwenye hifadhidata kabla ya kutuma, na kurudia kwa namba ileile. MoMo ikiiona tena inajibu 409, yaani namba hiyo imeshatumika, na hapo mnaenda kuuliza hali ya ombi la kwanza badala ya kutuma jingine.

Hili linahusianaje na njia ya kazi? Kwa mambo matatu. Kwanza, kadi ya malipo haiwi "imekamilika" kwa sababu malipo yamepita. Masharti yake yaandikwe: ombi lililorudiwa halikuzaa malipo mawili, mtandao uliokatwa makusudi katikati haukupoteza rekodi, ripoti ya jioni ya SACCO inalingana na taarifa ya MoMo hadi shilingi ya mwisho. Matangazo hayahitaji masharti hayo.

Pili, mazingira ya majaribio ya MoMo yanatumia sarafu ya EUR. Usiandike sarafu wala desimali ndani ya msimbo, viweke kwenye mipangilio. Na panga siku tatu za kupima upya kwa shilingi halisi, kiasi kidogo, kabla ya kufungua kwa wanachama.

Tatu, kuingia kwenye mfumo halisi kunahitaji kibali na makaratasi ya mteja, na muda wake hauko mikononi mwenu. Kazi ya namna hii isiwekwe ndani ya mzunguko. Weka safu kwenye ubao iitwayo "Inasubiri wengine", kila kadi na tarehe iliyotumwa na jina la anayefuatilia, na makaratasi yaanze wiki ya kwanza. Timu zinazoyaacha mpaka mfumo ukamilike hukaa bila kazi na bila malipo.

Usajili kwenye ofisi ya ulinzi wa data binafsi, chini ya sheria ya mwaka 2019 na kanuni za 2021, uingie kwenye safu hiyohiyo.

Hatua ya 4: Mkataba usiolingana na njia

Zabuni ya serikali hudai bei moja, hati zilizosainiwa na malipo kwa hatua. Usijaribu kuibadilisha sheria ya ununuzi kwa mkutano wa Skramu. Gawa kazi tabaka mbili: nje, hatua za mkataba, ndani, mizunguko ya wiki mbili. Kila hatua ya malipo iundwe na mizunguko miwili au mitatu, na kila onyesho liwe na karatasi ya ukurasa mmoja inayosainiwa siku hiyohiyo: kilichoonyeshwa, kilichokubaliwa, kilichoombwa kubadilishwa. Karatasi hizo ndizo zitakazokutetea siku afisa mpya atakapohamia idarani.

Ndani ya mkataba omba kifungu cha kubadilishana: hitaji jipya linaingia endapo jingine la ukubwa uleule linatoka. Wateja wengi hulikubali hilo kwa sababu bei haiguswi.

Tazama kalenda. Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni, na fedha zisizotumika hazibaki idarani. Majaribio ya kupokea mfumo yakamilike katikati ya Mei ili ukaguzi, ankara na saini zipate wiki sita. Mradi ulio tayari tarehe 25 Juni mara nyingi hulipwa mwaka unaofuata.

Hatua ya 5: Ukurasa mmoja

Andikeni, chapeni, bandikeni ukutani. Wa SACCO yetu ungesomeka hivi:

Uti wa mgongo: Skramu, mizunguko ya wiki mbili. Mwenye kauli: meneja, Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi jioni, kwa muda wa saa mbili kila moja ya siku hizo. Kikao cha kila siku: mistari mitatu kabla ya saa tatu na nusu. Kadi zinazoshikwa kwa pamoja: zisizidi sita. Akiba, riba na mikopo: majaribio ya kiotomatiki na wakaguzi wawili. Matangazo na ripoti za ndani: mkaguzi mmoja. Kutoa toleo: Jumatatu mpaka Jumatano, kamwe si Ijumaa, maana wikendi ofisi imefungwa nao wanachama wanaendelea kuweka akiba. Tulichoondoa: pointi, nafasi yake imeshikwa na hesabu ya kadi kwa wiki. Kujitathmini: kila mzunguko, dakika 45, badiliko moja.

Angalieni kwamba meneja yule wa saa mbili amekubali saa nne. Hilo lilipaswa kujadiliwa kabla ya Skramu kuchaguliwa. Kama angekataa, uti wa mgongo ungekuwa mwingine.

Ongezeni mstari wa siku mbaya. Mwezi Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa takriban siku tano. Git hufanya kazi bila mtandao, lakini ghala kuu la msimbo likiwa nje ya nchi hamwezi kuunganisha kazi zenu. Kompyuta moja ofisini iwe na nakala ya ghala, vifurushi vya programu mnavyotegemea na nyaraka, inayosasishwa kila usiku, na wiki ya uchaguzi isiwe na toleo lolote.

Hatua ya 6: Kurekebisha kwa ushahidi

Baada ya wiki sita tazameni namba mbili: kadi zilizo wazi na kadi zinazokamilika kwa wiki. Kadi 12 zikiwa wazi na 4 zikikamilika kwa wiki, kila moja inachukua wastani wa wiki tatu. Punguzeni zilizo wazi ziwe 6. Ikiwa kasi ya kukamilisha haijashuka, wastani unakuwa wiki moja na nusu. Mteja ataona tofauti hiyo bila mtu yeyote kuongezwa saa za kazi.

Dalili nyingine zina sababu zake. Maonyesho yakipita bila swali hata moja, anayetazama hana kauli ya mwisho au haelewi anachoonyeshwa. Mpe simu aitumie mwenyewe. Kadi zikikaa "karibu kukamilika" zaidi ya siku nne, zimekatwa kubwa mno au masharti ya kukamilika hayakuandikwa. Hitilafu zilezile zikirudi, majaribio yameandikwa kwa hali ambayo kila kitu kinakwenda sawa tu, hakuna aliyejaribu kuuharibu mfumo. Na mradi ukichelewa, msikimbilie kuongeza watu: Frederick Brooks aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa kunauchelewesha zaidi, kwa kuwa wanaojua kazi wanaiacha ili wawafundishe wageni.

Badilisheni jambo moja kwa mzunguko. Mkibadilisha matatu, hamtajua lipi limesaidia.

Vipimo sita vyote virudiwe mambo manne yakitokea: timu ikiongezeka nusu yake, mwenye kauli akibadilika, sheria mpya ikigusa fedha au data, na mfumo ukienda hewani. Hili la nne lina utaratibu wake. Siku mfumo unapofunguliwa kwa wanachama, maombi huanza kuingia kila saa na mzunguko wa wiki mbili hauwezi kuyasubirisha. Wekeni watu wawili kwenye ubao wa Kanbani wenye safu ya juu kwa matatizo ya fedha, kadi moja tu kwa wakati katika safu hiyo, na wengine wawili waendelee na mizunguko ya sehemu zilizobaki. Wabadilishane kila baada ya wiki mbili, ili asiwepo anayeijua nusu tu ya mfumo.